Damu ya Bingwa: Kisa cha Olga Kaniskina na Funzo Lake kwa Afya Yetu

Mtu mzima mwenye afya njema akitembea mwendo wake wa kawaida huenda kilomita tano hivi kwa saa moja. Kwa mwendo huo, kilomita 20 zitamchukua saa nne. Mnamo Agosti 21, 2008, jijini Beijing, China, mwanamke Mrusi aitwaye Olga Kaniskina alizimaliza kilomita hizo kwa saa moja, dakika 26 na sekunde 31, kwa kutembea tu, huku mvua ikimnyeshea. Alitwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki na kuweka rekodi mpya ya michezo hiyo.

Tangu 2007 hadi 2012 mwanamke huyu alikuwa tishio kwa wapinzani wake wote. Alishinda ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo: Osaka 2007, Berlin 2009 na Daegu 2011. Alikuwa bingwa wa Ulaya mjini Barcelona mwaka 2010, na katika Olimpiki ya London 2012 alimaliza wa pili. Lakini leo, ukilitafuta jina lake katika orodha za washindi wa mashindano hayo, utalikuta mara mbili tu, yaani Osaka 2007 na Beijing 2008. Ushindi mwingine wote niliokutajia umefutwa.

Kilichoufuta si malalamiko ya mshindani wala makosa ya saa. Ni vipimo vya damu yake mwenyewe. Katika makala haya, ndugu msomaji, tutatazama damu hufanya kazi gani mwilini mwa mtu anayeshindana, huchezewa vipi, na kwa nini jambo hilo linamhusu hata mtu ambaye hajawahi kuvaa viatu vya riadha.

BINTI WA MORDOVIA

Kaniskina alizaliwa Januari 19, 1985 katika kijiji cha Napolnaya Tavla, kwenye Jamhuri ya Mordovia iliyo ndani ya Urusi. Mji mkuu wa jamhuri hiyo ni Saransk, ulio umbali wa takriban kilomita 600 kusini-mashariki mwa Moscow. Kama vile Iten inavyojulikana kwa wakimbiaji, ndivyo Saransk ilivyojulikana kwa watembeaji. Hapo palikuwa na kituo kikubwa cha mazoezi kilichopewa jina la kocha wake, Viktor Chegin, hali kocha huyo akiwa angali hai na kazini.

Kutoka kituo hicho walitoka mabingwa wengi. Mathalan, Valeriy Borchin alishinda kilomita 20 za wanaume katika michezo ile ile ya Beijing. Sergey Kirdyapkin alishinda kilomita 50 mjini London. Naye Elena Lashmanova, akiwa na umri wa miaka 20 pekee, alimpita Kaniskina hatua za mwisho kabisa za shindano la London na kushinda kwa saa moja, dakika 25 na sekunde mbili. Kaniskina, aliyekuwa ameongoza sehemu kubwa ya njia, alimaliza sekunde saba nyuma ya mwenzake huyo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Swali lililokuja kuulizwa baadaye ni hili: mabingwa hawa waliundwa kwa nini?

KUTEMBEA SI KUKIMBIA

Watu wengi huwacheka watembeaji kwa jinsi wanavyozungusha nyonga. Kwa hakika mchezo huu ni mgumu kuliko unavyoonekana. Sheria zake kuu ni mbili. Kwanza, kwa jinsi jicho la mwamuzi linavyoona, lazima mguu mmoja uwe umegusa ardhi wakati wote. Pili, mguu wa mbele sharti unyooke gotini tangu unapogusa ardhi hadi mwili unapokuwa umesimama wima juu yake. Waamuzi husimama kando ya njia, na mtembeaji akipata kadi nyekundu kutoka kwa waamuzi watatu tofauti, hutolewa au, katika mashindano mengine, husimamishwa kwa muda kama adhabu.

Kwa sababu haruhusiwi kuruka kama mkimbiaji, mtembeaji hutafuta kasi kwa kupiga hatua nyingi, karibu 200 kwa dakika. Kule Beijing Kaniskina alitumia dakika nne na sekunde 20 hivi kwa kila kilomita. Wengi wetu hatuwezi kuikimbia kasi hiyo kwa kilomita mbili, sembuse kuitembea kwa kilomita 20.

Misuli inayofanya kazi hivyo kwa karibu saa moja na nusu inadai oksijeni bila kukoma. Oksijeni ikipungua, misuli huchoka. Na mtembeaji akichoka hapungukiwi na kasi peke yake. Magoti huanza kupinda na miguu yote miwili huanza kuachana na ardhi, na hapo kadi hutolewa. Kwa hiyo mtembeaji mwenye oksijeni ya ziada hupata faida mara mbili: huenda kasi zaidi na hubaki ndani ya sheria muda mrefu zaidi. Hapa ndipo damu inapoingia.

KAZI YA DAMU

Damu yetu ina chembechembe nyekundu, na ndani ya chembechembe hizo mna himoglobini, kitu kinachoipa damu rangi yake. Himoglobini huibeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini kote, kama matatu inavyowabeba abiria kutoka kituoni. Matatu zikiwa nyingi, abiria wengi hufika. Kwa kawaida mwanamke mzima huwa na himoglobini ya gramu 12 hadi 16 kwa kila desilita ya damu, na mwanamume huwa na zaidi kidogo.

Chembechembe nyekundu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa na huishi takriban siku 120. Amri ya kuzitengeneza hutoka kwenye figo. Figo zikihisi kwamba oksijeni imepungua, hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo kwa kifupi huitwa EPO. Homoni hiyo husafiri hadi kwenye uboho na kuuhimiza uongeze kazi. Oksijeni ikitosha, figo hupunguza homoni hiyo. Ni mpango wa ajabu unaojirekebisha wenyewe.

Ndiyo sababu wanaoishi nyanda za juu, ambako hewa ina oksijeni chache, huwa na himoglobini ya juu kidogo kuliko watu wa pwani. Mkazi wa Iten, iliyo karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hupata manufaa hayo bila sindano yoyote. Nyongeza hiyo ya kimaumbile huja polepole, na figo hazilali zikiilinda isipite kiasi.

DAWA YA WAGONJWA KWA WALIO WAZIMA

Mnamo 1985 wanasayansi walifaulu kuitambua na kuinakili jeni inayotengeneza EPO, na kufikia 1989 dawa yake ilikuwa imeidhinishwa nchini Marekani. Kwa mgonjwa wa figo, hii ilikuwa baraka kubwa. Figo zilizokufa haziwezi kutoa homoni hiyo, na mgonjwa hubaki na upungufu wa damu usiokwisha. Zamani alitegemea kuongezewa damu kila mara. Leo hii wagonjwa wetu hapa Kenya wanaosafishwa damu kwa mashine hudungwa EPO, na wengi hupata tena nguvu za kufanya shughuli zao.

Kwa bahati mbaya habari njema za hospitalini zilifika haraka viwanjani. Kama dawa inamwongezea damu mgonjwa, wengine waliwaza, si itamwongezea pia mtu mzima? Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipiga marufuku mnamo 1990. Hata hivyo hapakuwa na njia ya kuigundua michezoni hadi kipimo cha mkojo kilipoanza kutumiwa katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000.

Hatari yake ni nini? Damu yenye chembechembe nyingi kupita kiasi huwa nzito. Moyo hulazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi, na shinikizo la damu hupanda. Damu nzito huganda kwa urahisi. Donge likikwama kwenye mshipa wa ubongo, mtu hupata kiharusi. Likikwama kwenye mishipa ya moyo, hupata mshtuko wa moyo. Likianzia mguuni na kusafiri hadi mapafuni, linaweza kumuua mtu ghafla. Mwanariadha naye hupoteza maji mengi kwa jasho, na hivyo damu iliyokwisha kuwa nzito huzidi kuwa nzito akiwa katikati ya shindano.

Hata kwa wagonjwa wenyewe sisi madaktari huitumia dawa hii kwa tahadhari. Uchunguzi umethibitisha kwamba kuipandisha himoglobini ya mgonjwa wa figo hadi kiwango cha mtu asiye na ugonjwa kunaongeza hatari ya kiharusi. Kwa hiyo kwa kawaida tunaridhika na gramu 10 hadi 11.5. Ikiwa mgonjwa anayeihitaji anapewa kwa kipimo namna hiyo, itakuwaje kwa kijana mzima anayejidunga gizani bila kupimwa?

PASIPOTI YA DAMU

Wadanganyifu walijifunza kujidunga kiasi kidogo, siku nyingi kabla ya shindano, ili dawa isionekane kwenye mkojo. Kuanzia 2009 Shirikisho la Riadha Duniani lilianza kutumia mbinu nyingine, iitwayo pasipoti ya kibayolojia. Si kijitabu cha kusafiria. Ni kumbukumbu ya vipimo vya damu vya mwanariadha mmoja vilivyochukuliwa tena na tena kwa miaka.

Pasipoti haitafuti dawa. Inatafuta alama inazoacha. Wataalamu hutazama hasa vitu viwili, himoglobini na chembechembe changa, yaani zile zilizotoka kwenye uboho siku chache zilizopita. Mtu akidungwa dawa ya kuongeza damu, chembechembe changa huwa nyingi kwa sababu uboho unafanya kazi kupita kawaida. Akiacha, himoglobini hubaki juu, lakini chembechembe changa hupungua mno kwa sababu mwili umeona damu imejaa na kusimamisha kazi. Mfano wake ni nyumba ambayo ghala limefurika mahindi na shamba halijalimwa. Hata kama hukumwona aliyeleta magunia, utajua kwamba hayakutoka shambani humo. Mahali anapoishi na kufanyia mazoezi mwanariadha, kama ni nyanda za juu, huzingatiwa pia.

Hivyo ndivyo Kaniskina alivyonaswa. Mnamo Januari 2015 shirika la Urusi la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku lilitangaza kwamba pasipoti yake ilikuwa na kasoro, na likamfungia miaka mitatu na miezi miwili, kuhesabiwa tangu Oktoba 15, 2012. Alitangazwa pamoja na wenzake wanne wa kocha Chegin, wakiwamo Borchin, aliyefungiwa miaka minane, na Kirdyapkin. Pasipoti haitaji jina la dawa. Inasema tu kwamba damu ilichezewa.

Uamuzi huo wa kwanza ulifuta baadhi ya matokeo na kuyaacha mengine, ikiwamo nishani ya fedha ya London. Shirikisho la Riadha Duniani lilikata rufani kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne, Uswisi. Mnamo Machi 2016 mahakama ilifuta matokeo yake yote ya tangu Agosti 15, 2009 hadi Oktoba 15, 2012. Ushindi wa Berlin ulipatikana Agosti 16, 2009, siku moja tu ndani ya muda huo. Mwezi huo huo Chegin alifungiwa maisha. Zaidi ya wanariadha 20 waliopitia mikononi mwake wamepatikana na hatia.

WALIODHULUMIWA

Tunapozungumzia udanganyifu huwa tunamtazama aliyedanganya na kuwasahau waliodanganywa. Olive Loughnane wa Ireland alikuwa wa pili kule Berlin. Ubingwa wake wa dunia ulimfikia mwaka 2016, akiwa amekwisha kustaafu. Jared Tallent wa Australia, aliyekuwa wa pili nyuma ya Kirdyapkin mjini London, alivishwa dhahabu yake mwaka huo huo wa 2016 katika mji wa Melbourne.

Naye Qieyang Shijie wa China, Mtibeti wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki, alimaliza wa tatu London, sekunde 14 tu nyuma ya mshindi. Kaniskina alipofutwa, alipanda hadi nafasi ya pili. Mnamo 2022 Lashmanova naye alifutiwa matokeo yake, na Qieyang akawa bingwa, miaka kumi baada ya shindano. Nishani inaweza kurudishwa. Wimbo wa taifa uliopaswa kupigwa siku ile, na riziki ambayo bingwa hupata akiwa bado na nguvu, havirudi.

Kaniskina mwenyewe hakuonekana tena katika Olimpiki wala mashindano ya dunia baada ya London. Alikuwa na umri wa miaka 27.

YATUHUSU NINI SISI?

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni ya Warusi. Sivyo. Rita Jeptoo, bingwa wetu wa mbio za marathoni za Boston, alipatikana na EPO mwaka 2014. Jemima Sumgong, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, alipatikana nayo mwaka 2017. Serikali ilipitisha sheria mwaka 2016 na kuunda shirika la taifa la kupambana na dawa hizo, ADAK.

Wakati huo huo tunao watembeaji wetu wenyewe. Samuel Gathimba alipata shaba ya kilomita 20 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018, na Emily Ngii akapata shaba ya mita 10,000 mwaka 2022. Vijana wanaowaiga wanastahili kuambiwa ukweli.

Ukweli wenyewe ni kwamba anayekuja na sindano mara nyingi haji kama adui. Huja kama kocha, rafiki au muuza dawa, akisema ni "vitamini" au "ya kurudisha nguvu". EPO hutakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo iliyobebwa mfukoni huenda imeharibika, au haikuwa EPO tangu mwanzo. Sindano ikitumiwa na watu wawili inaweza kuleta virusi vya Ukimwi au homa ya ini. Aidha, mara chache, mwili huanza kuipiga vita dawa hiyo na kuishambulia pia homoni yake wenyewe, hata uboho ukaacha kutengeneza chembechembe nyekundu kabisa. Aliyetaka kuongeza damu huishia kuongezewa ya mtu mwingine hospitalini.

USHAURI KWA MSOMAJI

Kama unafanya mazoezi na unahisi uchovu usio wa kawaida, moyo kwenda mbio au kukosa pumzi upandapo ngazi, usitafute sindano. Nenda upimwe himoglobini. Ni kipimo rahisi na hupatikana katika hospitali na zahanati nyingi. Hapa kwetu upungufu wa damu husababishwa sana na ukosefu wa madini ya chuma, malaria, safura na hedhi nzito. Kila kimoja kina tiba yake.

Kula vyakula vyenye madini ya chuma kama vile maini, nyama, maharagwe, dengu na mboga za majani. Ongeza chungwa au nyanya, kwani husaidia mwili kuyapokea madini hayo. Chai tunayoipenda huyazuia, kwa hiyo inywe saa moja au mbili baada ya chakula badala ya kuinywa pamoja nacho. Vidonge vya chuma visimezwe ovyo bila kupimwa, maana chuma kikizidi huharibu ini.

Kwa anayedungwa EPO kwa sababu ya figo, haya yasikutie hofu. Endelea na dawa yako na uhudhurie vipimo vyako. Ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma, kifua kikabana ghafla, uso ukapinda au mkono ukalegea, fika hospitali mara moja, usingoje kesho.

Ama kwa sisi wengine, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Hizo ni dakika 30 za kutembea kwa haraka kidogo, siku tano. Mazoezi hayo husaidia kushusha shinikizo la damu na sukari, na huupa moyo nguvu. Huhitaji kocha, kadi wala dawa. Mwenda pole hajikwai, na damu aliyotengenezewa na mwili wake mwenyewe inamtosha.